Twende na Fundi Aliyesema Hajui

Ndugu wafiwa, majirani, wauguzi mliokuja na sare zenu, mafundi mliofunga gereji asubuhi hii, na ninyi mliosimama huko nje kwa sababu viti vimekwisha, nimepewa kazi ya kusoma historia ya mdogo wangu wa kike, nami nimeikubali kwa sababu nisingevumilia kuisikia ikisomwa na mtu mwingine anayekosea. Tarehe zimeandikwa na binti yake, anayejua kwamba mjomba akiachiwa tarehe ataozesha watu kabla hawajazaliwa, kwa hiyo tarehe ni zake, maneno mengine yote ni yangu, na atakayeona nimetia chumvi anifuate baadaye.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Aprili 1956, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya baba yetu aliyekuwa seremala, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho, mimi nikiwa wa kwanza. Mwaka 1960, akiwa na miaka minne, alishikwa na homa iliyomlaza wiki nzima, na homa ilipoondoka iliondoka na mguu wake wa kushoto, maana mguu ulibaki palepale lakini haukumsikiliza tena. Mama alilia, baba aliingia karakana akachonga gongo dogo, na mimi, niliyekuwa na miaka kumi na mgongo wa kutosha, nikaambiwa kwamba kuanzia siku ile kumpeleka na kumrudisha ni kazi yangu. Sikuwahi kuchoka naye, ila alikuwa abiria mwenye amri nyingi, akishapanda mgongoni alinipiga begani na kusema, "Twende!", na nikisimama kupiga soga na wenzangu alinipiga tena, "Twende!", mpaka mtaa mzima ukamwita hivyo, na lile jina zuri alilopewa na baba likabaki kwenye vyeti.

Niseme mapema jambo hili, kwa sababu mengine yote yanatokana nalo. Tangu utotoni Twende alitaka kitu kimoja, kwenda mwenyewe anakotaka, saa anayotaka, bila kumsubiri mtu amalize chai yake. Watu walimwonea huruma kwa sababu ya mguu, naye hakuwa na shida na mguu, shida yake ilikuwa kusubiri.

Alisoma shule ya msingi kuanzia Januari 1963 hadi 1969, miaka mitatu ya kwanza akiwa mgongoni kwangu na iliyobaki akitembea kwa chuma cha mguu na gongo, ambalo baba alilichonga upya kila alipoongezeka urefu. Alisoma sekondari kuanzia 1970 hadi 1973, kisha akaomba kuingia chuo cha uuguzi, ambako wale waliokuwa wakiwahoji waombaji walimtazama gongo kwanza na cheti baadaye, na mmoja akamuuliza kwa upole atawahudumiaje wagonjwa akiwa hali ile. Alimjibu, "Wagonjwa wamelala, hawatanikimbia." Alianza masomo Januari 1974 na kuhitimu Novemba 1976, na picha ya siku ile iko sebuleni, yeye ndiye aliyeegemea nguzo kama mwenye chuo.

Aliajiriwa tarehe 1 Februari 1977 katika wodi ya majeruhi, na mwaka 1984 akahamishiwa kitengo cha kuwahudumia wagonjwa majumbani, wale wenye vidonda visivyopona, waliopooza, na wazee ambao hospitali kwao ni mbali kuliko mwezi. Hapo alipata kazi aliyoipenda na adha aliyoichukia, kwa sababu alipelekwa na dereva wa hospitali ambaye kila mara alikuwa na haraka ya kwenda kwingine, akimshusha asubuhi na kumsahau hadi jioni. Ndipo mwaka 1986 mkuu wa wauguzi, mama mmoja mwenye magoti mabovu aliyekuwa anastaafu, alipomwachia gari lake dogo jeupe, la otomatiki, lililotengenezwa mwaka 1973 na lililokwisha kuona mengi. Gari lile lilikuwa na pedali mbili tu, naye alikuwa na mguu mmoja mzima, hesabu ikatimia.

Mimi ni mtu wa gia za mkono, na gari lile nililiita kigari cha wavivu. Siku ya kwanza alipolitoa peke yake alipita mbele ya karakana yangu bila kusimama, mkono nje ya dirisha, akapiga honi ndefu isiyo na adabu, nami nilisimama mlangoni na randa mkononi nikafurahi mpaka machozi yakanitoka, na wakati huohuo nikaona wivu, wivu kabisa, wa kulionea gari. Miaka yote ile giaboksi yake nilikuwa mimi.

Mwanzoni mwa mwaka 1988 gari lilianza ukaidi. Ukitia gia lilifikiri kwanza, injini ikanguruma, na gari likabaki limesimama kama halijaambiwa, kisha likashtuka na kuondoka. Baada ya muda gia ya kurudi nyuma ikafa kabisa, na Twende, badala ya kuliegesha gari, akajifunza kuishi bila kurudi nyuma, akizunguka mtaa mzima ili gari lisimame likitazama njia ya kutokea, na pasipo na nafasi majirani wa mgonjwa walitoka na kulisukuma kinyumenyume huku yeye ameshika usukani akiwatania. Naona nyuso kadhaa hapa zinazotabasamu, najua mlisukuma. Lakini ofisini aliambiwa wazi kwamba hospitali haina tena dereva wa kumpeleka, wala gari ambalo angeweza kuliendesha, na kwamba gari lile likifa atarudishwa dirishani, kuandikisha wagonjwa, akae pale hadi astaafu. Neno "dirishani" lilimtisha mdogo wangu kuliko sindano inavyomtisha mtoto, na mimi sijawahi kumwona akiogopa kama alivyoogopa miezi ile.

Akaanza kutafuta fundi, na kwa kuwa gari lingeweza kumkwamisha popote, alinichukua niwe msukumaji wake, hivyo haya niliyaona kwa macho yangu. Magari ya otomatiki yalikuwa machache, mafundi wengi waliyaogopa, na wachache waliojitapa walijitapa sana. Wa kwanza hakuinuka hata kwenye kiti chake, alilisikiliza gari kutoka mbali akasema giaboksi imekufa, tupa, tukufungie ya gia za mkono, utaniombea dua. Twende alivuta sketi kidogo, akakigonga kile chuma cha mguu kwa gongo, akamuuliza, "Na mguu wa klachi utanifungia?" Tukaondoka.

Wa pili alikuwa mchangamfu, mwenye mikono miepesi na mdomo mwepesi zaidi, kila alichoulizwa alikijua kabla swali halijaisha, na alisema hakuna giaboksi inayoweza kumficha kitu. Tukamwamini, na mimi ndiye niliyemsifu kwa sauti kubwa zaidi. Alimwaga mafuta yaliyokuwamo akatia ya injini, mazito, ambayo si ya giaboksi ile hata kidogo, na kwa siku chache gari likaenda kama jipya, Twende akaniletea keki. Kisha likasimama katikati ya njia panda, likitoa harufu ya kitu kilichoungua, tukalisukuma hadi nyumbani kwangu, na yule fundi alipoulizwa akasema hata hilo alikuwa analijua.

Jioni ile mdogo wangu alikaa juu ya benchi langu la kazi, gongo likiwa magotini. Halafu akasema kwamba amekosea kama muuguzi, kwa sababu hata siku moja hakuwahi kumwamini daktari anayetaja ugonjwa kabla ya kumgusa mgonjwa, na sasa ameliamini domo la mtu kwa sababu ana shida. Akasema kuanzia sasa kila fundi atamuuliza maswali matatu. La kwanza, gari la mwisho la aina hii ulilolifungua liko wapi, nikalipande? La pili, vilivyoharibika utanionyesha kwa macho yangu? La tatu, kitu gani hukijui kuhusu gari langu? Mimi nilimwambia la tatu litawaudhi watu. Akasema, "Ndiyo, kaka. Nataka nione anayeudhika."

Basi waliudhika. Mmoja alituuliza kama tumekuja kutengeneza gari au kumfanyia mtihani, mwingine alicheka na kuwaita wenzake waje wasikie, na mimi nikaanza kuzoea wazo la dirishani, nikawa namtayarishia maneno ya kumfariji, ambayo nashukuru sikuyatumia.

Dereva mmoja wa teksi ndiye aliyetuelekeza kwa fundi mkimya, nyuma ya kiwanda cha mikate, katika chumba kilichonukia mkate na mafuta kwa pamoja. Nilipoingia nilidhani tumekosea mlango. Sakafu ilikuwa imepigwa deki, meza imetandikwa shuka jeupe, na vyuma vimepangwa kwenye sinia kwa utaratibu ambao mimi seremala niliuonea haya nikikumbuka karakana yangu. Fundi alinawa mikono kabla ya kutusalimia. Hakuuliza gari lina nini, aliuliza, "Lilianza lini?", kisha likiwa la moto au la baridi, kisha nani ameligusa kabla yake na alitia nini, na nikamwona mdogo wangu anatabasamu, kwa sababu ndivyo yeye mwenyewe alivyoanza na kila mgonjwa. Alichomoa kijiti cha kupimia mafuta, akakipangusa kwa kitambaa cheupe, akanusa, akampa Twende naye anuse. Halafu akaomba aendeshwe, akakaa kiti cha abiria, kiganja kimewekwa juu ya gia hadi tuliporudi.

Twende akauliza maswali yake. Kwa la kwanza, fundi alisema gari la yule yule dereva wa teksi, mwulizeni mlipande, na tulilipanda siku iliyofuata, tukaenda nalo mbele na nyuma mpaka dereva akatuuliza kama tunataka kulinunua. Kwa la pili, alisema kila nitakachokitoa kitabaki mezani hadi ukione. Kwa la tatu alinyamaza. Nikasema moyoni, haya, huyu naye ameudhika. Kumbe alikuwa anafikiri. Akasema, "Sijui kama ni mipira iliyokauka tu, au sahani zimeungua, au kuna kilichovunjika. Sijui mpaka nifungue. Na nikifungua nikakuta kilichonishinda, nitakwambia." Mdogo wangu akampa funguo.

Alipolifungua alituita tukaone, vitu vyote vimelala kwenye shuka kwa mpangilio vilivyotoka, zile sahani nyembamba za ndani zimeungua zimekuwa nyeusi, mipira imekakamaa kama ngozi ya kiatu cha zamani, na njia ya kupozea mafuta imezibwa na uchafu, jambo ambalo alisema lisiposafishwa vipya navyo vitaungua. Vipuri vilichelewa, na alipoulizwa vitafika lini alisema hajui, jibu ambalo lilianza kuniudhi mimi niliyeuliza badala ya yeye aliyeulizwa. Siku ya kufunga nilikuwapo. Kuna chuma kizito, cha duara, kinene kama sufuria lililofunikwa, kinachokaa kati ya injini na giaboksi, na kinapoingizwa lazima kiingie kwa mishindo mitatu, kinazungushwa polepole, moja, kinazungushwa tena, mbili, na ya tatu ndiyo yenyewe. Ukifunga kabla ya ile ya tatu kila kitu kinaonekana kimekaa sawa, boliti zinakubali, kisha ukiwasha pampu inapasuka. Alipata ya kwanza na ya pili. Ya tatu haikuja. Kwa macho yangu kilikuwa kimeingia, nikamwambia funga bwana, kuna watu wanasubiri. Yeye alikitoa, akakipangusa, akaanza upya, na tena, na tena, Twende amekaa kwenye benchi la wateja hapumui, hadi ile ya tatu ikalia, ko, hafifu, nikaisikia hata mimi. Gari lilirudi nyuma kutoka kwenye chumba kile lenyewe, mdogo wangu akiwa kwenye usukani, akicheka na kulia kwa pamoja, na dirishani hakurudishwa.

Fundi yule alisema atakuja kulitazama baada ya wiki moja, akaja. Kisha akaja baada ya wiki nyingine, kisha ikawa kila Jumamosi, na giaboksi iliyotengenezwa vizuri haihitaji kutazamwa kila Jumamosi na fundi aliyevaa shati la pasi, hilo hata mimi nalijua. Alipokuja kuposa, baba mdogo alikaa kwenye kiti kikubwa akamuuliza kwa sauti nzito atamtunzaje binti yetu na hali ile ya mguu. Akajibu, "Hilo sijui, baba, sijawahi kuoa. Ninachojua hapendi kubebwa. Mengine nitamuuliza mwenyewe." Nyuma ya mlango tulisikia mtu akicheka, na baba mdogo akasema posa imekubaliwa kabla hatujafika kwenye mambo mengine. Walifunga ndoa tarehe 17 Februari 1990, na walijaliwa watoto wawili, binti aliyezaliwa tarehe 3 Mei 1991, ambaye ni mwalimu wa hesabu, na kijana aliyezaliwa tarehe 22 Agosti 1994, ambaye ni fundi umeme, na wajukuu wanne. Kwenda kumzaa yule binti alijiendesha mwenyewe, mume amekaa pembeni akiwa amechanganyikiwa, na nesi wa mapokezi alipouliza mgonjwa ni yupi, alimtazama shemeji yangu kwanza.

Aliendelea na kazi ya majumbani hadi alipostaafu tarehe 30 Aprili 2016, na baada ya kustaafu aliendelea vilevile, ila bila sare. Wapo hapa watu waliofungwa vidonda naye miaka na miaka, na mzee mmoja ameniomba niseme kwamba mguu anaotembelea leo ulikuwa umeandikiwa kukatwa, Twende akaukatalia. Nimesema, mzee wangu, kaa sasa.

Katikati ya mwaka 2021 alianza kusumbuliwa na maumivu ya tumbo, akapungua mwili, naye kwa kuwa alikuwa muuguzi alijua kabla yetu kwamba jambo si dogo. Alikwenda kwa madaktari, na kila mmoja alimuuliza swali lile la tatu, kitu gani hukijui kuhusu mimi, hadi alipompata mmoja, daktari mwanamke ambaye yumo humu, aliyeweka kalamu chini na kusema, "Sijui ugonjwa umefika wapi mpaka tufungue." Alifanyiwa upasuaji tarehe 11 Oktoba 2021. Daktari alikuja akakaa kitandani pake, si kusimama mlangoni, akamweleza ukweli wote. Jioni ile Twende alinipigia simu akasema, "Kaka, amefungua, amekuta kilichomshinda, hakunidanganya." Kisha akasema, "Nashukuru." Mimi sikushukuru siku ile, nilikuwa na hasira na kila mtu, pamoja na huyo daktari, na leo ndiyo namshukuru.

Alipewa dawa za kumpunguzia makali, na safari za kuzifuata alisema atakwenda mwenyewe, kwa gari lake, hadi siku ambayo hataweza. Ndipo mwezi Machi 2022 gari likaanza ukaidi tena, na gia ya kurudi nyuma ikafa kwanza, kama zamani. Watoto walitaka kumtafutia gari jipya, akakataa, akasema kiti kile kinamjua na hana muda wa kuanza kujuana na kiti kingine. Shemeji yangu akasema hapana haja ya maneno, atalifungua yeye, nani mwingine? Ninyi mnaomjua mnajua kwamba alikwisha kufunga kazi, macho yalipungua, masikio yalichoshwa na gereji, na mikono ilikuwa imeanza kutetemeka. Aliishusha giaboksi kwa msaada wa kijana wake, akatandika shuka, akafungua, nami nilikuwa nakwenda kumtazama, nikaona zile springi ndogo na zile gololi zinamponyoka vidoleni, anainama, anazitafuta chini ya meza, anazirudisha kwenye sinia, ananitazama ili ajue kama nimeona. Nilikuwa najifanya nasoma gazeti.

Siku moja mchana Twende alitoka kitandani, akaja na gongo lake hadi chumba kile cha kazi, akakaa kwenye benchi la wateja, palepale, akamuuliza mumewe maswali matatu. Kwa la kwanza alimjibu kwa utani, kwamba gari la mwisho alilolifungua ni la kwake yeye Twende, liko mlangoni. Kwa la pili alimwonyesha shuka. Kwa la tatu aliiweka mikono mezani ili itulie. Akasema, "Hakuna nisichokijua kuhusu gari lako. Ila siwezi tena. Ile ya tatu siisikii." Mdogo wangu aliinuka, akaishika ile mikono yote miwili na kuiweka shavuni pake, akamwambia, "Ndiyo maana nilikuchagua." Shemeji, nisamehe kwa kulisema hili mbele za watu, lakini wamekuja kumjua mke wako, na sijui namna nyingine ya kuwaonyesha.

Wakatafuta fundi pamoja, safari hii wakiuliza wote wawili, na aliyewajibu vizuri ni mama mmoja mwenye gereji upande wa pili wa soko, aliyesema waziwazi kwamba giaboksi za kizazi hicho amefungua zinazofanana nayo lakini hii yenyewe hajawahi, kwamba asichokijua ni mpangilio wa ndani, na kwamba kama mzee atakubali kukaa karibu naye ataifanya. Shemeji akawekewa kiti. Ilipofika siku ya kukiingiza kile chuma kizito chumba kizima kilinyamaza, mama yule akazungusha, moja, akazungusha, mbili, akasimama, akazungusha tena polepole. Shemeji hakusikia kitu. Alimtazama fundi usoni tu, akaona uso umefunguka, akajua.

Twende alijiendesha kwenda na kurudi hospitali hadi Machi 2023, na njiani bado alikuwa akipitia wagonjwa wake, mgonjwa akimjulia hali mgonjwa. Baada ya hapo alilala. Mwishoni mwa mwezi Mei aliniita akasema anataka kukaa garini, nikambeba nikisaidiwa na kijana wake, naye Twende alikuwa amerudi kuwa mwepesi kama wakati ule wa shule, tukamkalisha nyuma ya usukani hapo uani. Hakwenda popote. Aliwasha, akatia gia ya kurudi nyuma, akalisikia gari linashika, akasema, "Inaingia," kisha akazima. Alifariki nyumbani tarehe 6 Juni 2023, saa tatu asubuhi, mumewe amemshika mkono.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wote, na kwa namna ya pekee yule daktari aliyesema hajui. Tunawashukuru wafanyakazi wenzake wa kitengo cha majumbani, mliomwogesha na kumgeuza kitandani kama alivyowafundisha, na mliovumilia kukosolewa naye mlipokuwa mnamgeuza. Tunawashukuru majirani kwa chakula, kwa viti, kwa kukesha nasi, na wote ambao kwa miaka hii mlitoka majumbani kwenu kulisukuma gari lile bila kuombwa mara mbili. Tunamshukuru fundi wa upande wa pili wa soko, ambaye alimpa dada yetu mwaka mzima wa kwenda mwenyewe, na sijui zawadi kubwa kuliko hiyo. Na wewe shemeji, nakushukuru mimi kama mimi, kwa kuwa nilikuletea gari bovu ukanirudishia mdogo wangu akicheka.

Sasa tutaondoka. Gari jeupe litatangulia, binti yake ataliendesha, na sisi tutamchukua mabegani kutoka hapa hadi pale mwisho wa njia. Nimeomba nishike mbele, upande wa kushoto. Kijana wake ameniuliza kama mgongo wangu utaweza, nikamjibu kwa jibu la nyumba hii, kwamba sijui, ila nikishindwa nitasema.

Pumzika kwa amani, mdogo wangu. Umenipa amri tangu ukiwa na miaka minne, nami sikuwahi kukutangulia kuisema. Leo naisema mimi. Twende.